Kihispania: Kitenzi cha Kawaida Kinapokwama Kwenye Wakati Uliopita

Mgeni kutoka Hispania kashuka kwenye boti ya Gombe pale Kibirizi, Kigoma. Unataka kumwambia kwamba jana ulinunua dagaa. Jedwali unalijua, kitenzi umekipata sawasawa, unatamka: «Ayer COMpre dagaa.» Mgeni anashika mfuko wake wa pesa na kukuuliza dagaa wako wapi. Kwa nini? Kwa sababu *compre*, mkazo ukiwa mwanzoni, ni amri ya heshima: «nunua!» Ulichokusudia ni *compré*, mkazo mwishoni. Herufi ni zilezile. Aliyekuponza ni mdomo uliozoea Kiswahili.

Makosa mengi ya Mswahili kwenye wakati uliopita wa Kihispania yana asili hiyo. Mtu hukosea, akarudi kukariri jedwali kwa mara ya kumi, ilhali jedwali halina shida. Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili: umeandika au umesema nini, msikilizaji kaelewa nini, kosa limetoka wapi, na unalirekebishaje. Hautapita kila kona ya sarufi.

Jedwali lenyewe ni hili, kwa wakati ambao vitabu vya Kihispania huuita *pretérito indefinido* au *pretérito perfecto simple*. Hapa tutauita preterito.

Vitenzi vya -ar (*hablar*, kuongea): hablé, hablaste, habló, hablamos, hablasteis, hablaron.

Vitenzi vya -er na -ir (*comer*, kula, *vivir*, kuishi): comí, comiste, comió, comimos, comisteis, comieron, viví, viviste, vivió, vivimos, vivisteis, vivieron.

Mpangilio wa nafsi ni: mimi, wewe, yeye, sisi, nyinyi (wa Hispania), wao. Makundi ya -er na -ir yana miisho ileile, kwa hiyo kazi ya kukariri ni mistari miwili tu. Vitenzi vingi mno vinafuata hapo: *comprar* (kununua), *trabajar* (kufanya kazi), *viajar* (kusafiri), *vender* (kuuza), *beber* (kunywa), *salir* (kutoka), *escribir* (kuandika).

Dalili: unasema jambo la jana, unaeleweka unasema la leo

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara. Maneno yanayokiuka tunayahesabu kwa vidole; linalojulikana zaidi ni *barabara*, ambalo kwa mkazo mmoja ni njia ya magari na kwa mwingine ni «sawasawa». Chukua hilo kama kielelezo, maana Kihispania kina mamia ya «barabara» za namna hiyo ndani ya vitenzi:

HAblo: ninaongea. haBLÓ: aliongea.
COMpro: ninanunua. comPRÓ: alinunua.
HAble: ongea! (amri ya heshima). haBLÉ: niliongea.

Habari njema ni kwamba kati ya maumbo sita, manne tayari yanaangukia pale mdomo wako unapopenda: habLASte, habLAmos, habLASteis, habLAron. Hata comIEron na viVIEron ziko hivyo. Shida iko kwenye «mimi» na «yeye» peke yake, na ndiyo maana hayo mawili ndiyo yenye alama ya mkazo. Usipoteze muda kufanyia mazoezi jedwali zima. Chukua vitenzi kumi, kwa kila kimoja sema umbo la mimi na la yeye tu, ukigonga meza kwenye silabi ya mwisho: compré, compró, viajé, viajó, vendí, vendió, salí, salió. Dakika tano kila siku kwa wiki mbili zinatosha kuuvunja mdomo tabia.

Jichunguze hivi: jirekodi kwa simu ukisema sentensi tano za jana, kisha usisikilize papo hapo. Sikiliza kesho yake. Ukisikiliza palepale utasikia ulichokusudia badala ya ulichosema.

Kwa njia, *viví* (niliishi) ikitamkwa inavyopaswa husikika kama «bibí», kwa kuwa v na b za Kihispania ni sauti moja. Ukiweka mkazo mwanzoni umemtaja bibi. Nayo h ya *hablé* haitamkwi kabisa.

Dalili: umesema «alikula», wamesikia «alikuwa akila»

Hili ni dogo kwa macho na kubwa kwa sikio. *Comió* (alikula, akamaliza) ina silabi mbili: co-mió. Mswahili husoma kila irabu peke yake, kama katika «mkia» au «kilio», kwa hiyo huitamka ko-mi-o, silabi tatu, na mkazo wake wa kawaida unaangukia kwenye «mi». Sasa sikiliza: koMIo. Inafanana mno na *comía* (co-MÍ-a), yaani «alikuwa akila». Umebadilisha wakati bila kujua.

Dawa yake ni kuisoma «ió» kama «yo»: com-YO, ven-DYO, sa-LYO, vi-VYO. Silabi kama «vyo» unayo tayari kwenye «ndivyo» na «hivyo». Unachoongeza ni mkazo tu. Fanya hivyo hivyo kwa -ieron: com-YE-ron, viv-YE-ron. Kinyume chake, kwenye *comía* irabu mbili zitenganishe kama ulivyozoea, maana alama juu ya í ipo hapo kukuambia kwamba zisiungane.

Dalili: umeandika sawa ila alama zimekosekana

Kwenye ujumbe wa simu wapo Wahispania wenyewe wanaoziacha, na muktadha huokoa. Kwenye mtihani, barua au tangazo la kuongoza watalii, *hablo* badala ya *habló* ni kosa la wakati na la mtendaji kwa pamoja. Kwenye simu, bonyeza herufi na kuishikilia mpaka vitokee vibadala vyake. Kwenye kompyuta ya Windows yenye tarakimu upande wa kulia, shikilia Alt kisha andika: 160 kwa á, 130 kwa é, 161 kwa í, 162 kwa ó, 163 kwa ú, 164 kwa ñ, 168 kwa ¿.

Wapo wanaoumwa ugonjwa wa upande wa pili, wa kuweka alama kila mahali. *Hablamos*, *hablaste*, *comieron* hazina alama. Wala *vi*, *vio*, *di*, *dio*, *fui*, *fue*: ni silabi moja, hakuna pa kuhamishia mkazo.

Dalili: «buscé», «pagé», «cruzé»

Sauti ya kitenzi haijabadilika hata kidogo; kinachobadilika ni maandishi, ili sauti ibaki ilivyo. Kwa Kiswahili k ni k popote ilipo, ndiyo maana jambo hili linatukera. Kwa Kihispania c hutoa sauti ya k mbele ya a, o, u. Mbele ya e na i hutoa s (Amerika ya Kilatini) au th ya «thamani» (sehemu kubwa ya Hispania). Ukiandika *buscé*, umeandika «busé». Ili k ibaki, andika qu: *busqué* (nilitafuta), *saqué* (nilitoa).

G mbele ya e hugeuka kh ya «kheri». *Pagé* ingesomwa «pakhé». Weka u isiyotamkwa katikati: *pagué* (nililipa), *llegué* (nilifika).

Z mbele ya e huandikwa c: *crucé* (nilivuka), *empecé* (nilianza).

Kosa la pili hufuata baada ya kujifunza la kwanza: mtu anaanza kuandika *busquó*, *lleguó*, *crucó*. Mabadiliko haya ni ya «mimi» peke yake, kwa sababu ni hapo tu mwisho unapoanza na e. Kwingine kote: buscó, llegó, cruzó, buscaron, llegaron, cruzaron. Kigoma ina mfano wake wa kihistoria unaofaa kukumbukwa: *En abril de 1965 el Che Guevara cruzó el lago Tanganica desde Kigoma*. Yeye, kwa hiyo z. Angeandika mwenyewe, ingekuwa *crucé*. (Che na Wacuba aliokuwa nao walijipa majina ya siri ya tarakimu za Kiswahili, yeye aliitwa Tatu.)

Dalili: «piensé», «encuentré», «vuelví»

Umekariri wakati uliopo, *pienso*, *encuentro*, *vuelvo*, na ukaubeba mzizi wake kwenda jana. Huo mpasuko wa irabu (e kuwa ie, o kuwa ue) hutokea pale mkazo unapoiangukia irabu ya mzizi. Kwenye preterito mkazo umehamia kwenye mwisho, basi mzizi unarudi ulivyo kwenye kamusi: *pensé*, *encontré*, *volví*. Kwa -ar na -er hakuna ubaguzi wa namna hii. *Stanley encontró a Livingstone en Ujiji en 1871*: o tupu, na usisahau ile «a» inayowekwa mbele ya mtu anayetendewa.

Vya -ir vinavyobadili irabu ya mzizi wakati uliopo (*pido*, *duermo*) vina kaugonjwa kadogo kwenye «yeye» na «wao» tu: *pedí* lakini *pidió, pidieron*; *dormí* lakini *durmió, durmieron*.

Dalili: «leió», «construió», «caieron»

i iliyobanwa kati ya irabu mbili hugeuka y: *leyó*, *construyó*, *cayeron*. Yeye na wao tu. Mswahili anayeandika «aliyeoa» kila siku hana sababu ya kushangaa.

Dalili: sarufi ni safi, lakini wanakurekebisha kwa «estoy» au «he»

Hapa tunakaa kidogo, maana ndipo penye mtego mkubwa. Wanafunzi wengi hujiwekea kanuni kwamba -li- ni preterito na -me- ni ile ya *he comido*. Inafaa kwa wiki ya kwanza, baadaye inawachoma.

-me- ya Kiswahili ina kazi mbili. Ya kwanza ni tendo lililotimia ambalo athari yake ipo: nimenunua, tumefika. Hiyo kweli huko Hispania mara nyingi ni *he comprado*, *hemos llegado* (he, has, ha, hemos, habéis, han, ukiongeza -ado kwa -ar na -ido kwa -er na -ir). Kazi ya pili ni hali. Amelala, amekaa, amesimama, nimechoka, mlango umefungwa: hapa hatusimulii tendo, tunaeleza mtu au kitu kilivyo sasa. Kihispania hutumia *estar* katika wakati uliopo: *está dormido, está sentado, está de pie, estoy cansado, la puerta está cerrada*. Ukisema *me cansé* umesema «nilichoka», jana, safarini, na pengine ulishapumzika. Ukisema *cansé* bila *me*, umesema ulimchosha mtu mwingine.

Jaribio: baada ya neno lenye -me-, ongeza «mpaka sasa hivi, tazama». «Amelala, tazama» inakubali vizuri, kwa hiyo ni *está dormido*. «Ameuza nyumba, tazama» haina cha kutazama. Ni tendo, kwa hiyo *ha vendido la casa* au *vendió la casa*.

Lipi kati ya hayo mawili? Inategemea unaongea na nani. Madrid, jambo likiwa ndani ya kipindi ambacho hakijaisha (leo, wiki hii, mwaka huu) hutumia *he*: *Esta mañana he bebido té*. Angalia kwamba sisi tungesema «leo asubuhi nilikunywa chai», kwa -li-. Mexico na sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini husema *Esta mañana bebí té*, na hata ndani ya Hispania watu wa Galicia, Asturias na visiwa vya Canarias hupendelea hivyo. Ushauri wetu kwa anayeanza: shika preterito kwa yote yaliyokwisha. Utasikika kama mtu wa Mexico, na hakuna atakayeshindwa kukuelewa. Kinyume chake, kutumia *he* kwa ya jana (*ayer he comprado*), ndiko kunakosikika vibaya karibu kila mahali.

Viambishi viwili vya ziada, -mesha- na -ja-, vina tafsiri tulivu. «Nimeshakula» ni *ya comí* (Hispania, *ya he comido*). «Sijala bado» ni *todavía no he comido*. Argentina utasikia *todavía no comí*.

Dalili: kitenzi cha kwanza kiko jana, vinavyofuata havina wakati

«Llegó a Tabora, sentar en la estación y comer.» Aliyeandika hivi anafikiri kwa -ka-: alifika Tabora, akaketi stesheni, akala. Kwa Kiswahili -li- hufungua pazia na -ka- hufuata nyuma yake, haihitaji kutaja wakati tena. Kihispania hakina -ka-. Kila kitenzi katika mfululizo hubeba mwisho wake kamili: *Llegó a Tabora, se sentó en la estación y comió.* Kwa hiyo unapoandika hadithi, kwanza iandike au iwaze kwa Kiswahili, pigia mstari kila -ka-, na kila mstari uwe kitenzi cha preterito. Ni kazi ya kuchosha kwa siku tatu hivi, halafu inakuwa ya kawaida.

Kwa faida, -ka- ni shahidi mzuri. Unaposimulia tukio moja la zamani, popote Kiswahili kinapokubali -ka-, Kihispania hutaka preterito, karibu bila ubaguzi. Imperfekto, yaani wakati wa «alikuwa akila» (*comía*), kwa kawaida haiwi -ka-.

Dalili: hadithi yako haijulikani kipi kilikuwa kikiendelea na kipi kilitokea

Imperfekto kwanza, kwa haraka. -ar: hablaba, hablabas, hablaba, hablábamos, hablabais, hablaban. -er na -ir: comía, comías, comía, comíamos, comíais, comían.

Unapotafsiri «alikuwa akila», «tulikuwa tunaenda», usisite: imperfekto. Shida huja na -li- tupu, kwa sababu -li- yetu hubeba yote mawili. «Niliishi Ujiji» inaweza kuwa *viví* au *vivía*. Usitegemee urefu wa muda. Miaka hamsini yaweza kuwa preterito. Swali ni kama umelifunga tendo kwa mipaka:

*Viví cinco años en Ujiji.* Miaka mitano, imefungwa, imehesabiwa.
*Cuando vivía en Ujiji, compraba dagaa en Kibirizi todos los sábados.* Nilipokuwa nikiishi. Nilikuwa nikinunua kila Jumamosi. Hakuna mwisho unaotajwa.
*Un sábado llegué tarde y no compré nada.* Jumamosi moja, nikachelewa, sikununua kitu.

Jaribu kubadili -li- kuwa «-likuwa -ki-». Maana isipobadilika, ni imperfekto. Ikiharibika («jana saa nne nilikuwa nikinunua dagaa kilo mbili nikaondoka» inapwaya), ni preterito.

Tazama jinsi irabu moja inavyogeuza mlo mzima:

*Cuando llegó el tren, comíamos.* Treni ilipofika, tulikuwa tunakula. Chakula kilikwishaanza.
*Cuando llegó el tren, comimos.* Treni ilipofika, ndipo tukala.

Na «nilimjua» ni mtego peke yake. *Conocía a tu hermano* ni nilikuwa nikimfahamu ndugu yako. *Conocí a tu hermano en 2010* ni mwaka huo ndipo tulipofahamiana.

Ikiwa ulianza zamani na bado unaendelea, «nimeishi Kigoma tangu 2015», usiguse wakati uliopita kabisa: *vivo en Kigoma desde 2015*.

Dalili: unatafuta umbo la kukanusha na hulipati

Halipo. Sisi huitupa -li- na kuweka -ku- (nilinunua, sikununua), kwa hiyo mtu hudhani Kihispania nacho kina njia yake. Weka *no* mbele, uache kitenzi kama kilivyo: *compré, no compré*. Kikiwepo kiwakilishi, *no* hutangulia: *no lo compré*, sikukinunua.

Dalili: «hablastes», «comistes»

-s ya *hablas* na *comes* imekufuata. Umbo la *tú* kwenye preterito halina s ya mwisho. Utaisikia kwa wenyeji pia, lakini kwenye maandishi huhesabiwa kosa.

Na *hablasteis* ni ya Hispania. Amerika ya Kilatini «nyinyi» ni *ustedes*, na huchukua umbo la wao: *ustedes hablaron*. Mzee ambaye ungemsalimu shikamoo, mwite *usted* na umpe umbo la yeye: *¿Comió usted?* Ukimwambia *¿comiste?* hujamtukana, ila umemfanya rika lako.

Dalili: «hablamos», jana au leo?

Haijulikani, na si kosa lako. Kwa -ar na -ir umbo la sisi ni moja kwa wakati uliopo na uliopita: *hablamos, vivimos*. Ni -er tu inayotofautisha: *comemos*, *comimos*. Ongeza *ayer*, *anteayer* (juzi) au *la semana pasada*, basi.

Dalili: «me gusté los mangos»

Umesema ulijipendeza, kisha ukataja maembe. *Gustar* usiifasiri «kupenda». Ifasiri «kupendeza», nayo itajinyoosha yenyewe: maembe ya Tabora yalinipendeza, *me gustaron los mangos de Tabora*. Asali ilinipendeza, *me gustó la miel*. Kinachopendeza ndicho mtendaji, hivyo ndicho kinachoamua umoja au wingi.

Dalili: kitenzi ni sahihi, saa ndiyo imekosea

Preterito hupenda kwenda na saa kamili, na hapo ndipo mtu mwenye sarufi nzuri humkosesha mgeni treni. *El tren salió a las ocho de la noche* ni saa mbili usiku. *Llegué a las dos de la tarde* ni saa nane mchana. Saa zao zinaanza usiku wa manane na adhuhuri, zetu machweo na mapambazuko. Ongeza au punguza sita kabla ya kufungua mdomo.

Kabla ya kulaumu kanuni: je, kitenzi ni cha kawaida kweli?

«Tení», «hací», «andé», «poní» zimenyambuliwa kwa utaratibu mzuri kabisa, tatizo ni kwamba hazipo. *Tener* ni *tuve*, *hacer* ni *hice*, *andar* ni *anduve*, *poner* ni *puse*, *estar* ni *estuve*, *poder* ni *pude*, *querer* ni *quise*, *venir* ni *vine*, *decir* ni *dije*. Hivi havina alama wala mkazo wa mwisho: TUve, TUvo. *Ser* na *ir* hushiriki umbo moja, *fui, fuiste, fue, fuimos, fuisteis, fueron*. Cha kushangaza ni vile vinavyosumbua wakati uliopo lakini jana vinatulia: *salgo* lakini *salí*, *conozco* lakini *conocí*.

Mgonjwa mmoja, kwa karibu

Haya ni maelezo ya Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, kama mwanafunzi wa mwezi wa tatu angeweza kuyaandika:

*Los alemanes construieron el barco en Papenburg y lo armaron en Kigoma. En 1916 engrasaban las máquinas y lo hundir. En 1924 los británicos lo sacaron del lago y en 1927 el barco empezo a navegar con el nombre de Liemba. El año pasado lo buscé en el puerto y no lo encuentré.*

*Construieron*: i kati ya irabu, weka y. *Engrasaban*: kwa Kiswahili ni «wakazipaka mashine grisi, wakaizamisha», -ka- imekubali, basi *engrasaron*. (Grisi hiyo ndiyo iliyozilinda mashine chini ya maji.) *Hundir*: -ka- nyingine iliyoachwa uchi, *hundieron*. *Empezo*: alama na mkazo. *Buscé*: qu. *Encuentré*: mzizi urudi kwenye kamusi. *Armaron* na *sacaron* ni sahihi, usiziguse.

*Los alemanes construyeron el barco en Papenburg y lo armaron en Kigoma. En 1916 engrasaron las máquinas y lo hundieron. En 1924 los británicos lo sacaron del lago y en 1927 el barco empezó a navegar con el nombre de Liemba. El año pasado lo busqué en el puerto y no lo encontré.*

Isome kwa sauti ukigonga meza kwenye kila mkazo: construYEron, arMAron, engraSAron, hunDIEron, saCAron, empeZÓ, busQUÉ, enconTRÉ. Tano za mwanzo zimekaa pale Kiswahili kinapotaka. Rudia tatu za mwisho.